Doti Moja: Gauni, Pazia na Mwanasesere

Katika maduka ya Mtaa wa Biashara mjini Mombasa, mzazi anayemtafutia mwanawe nguo ya sikukuu huvutwa kwanza na rangi. Kanga zimening'inizwa mlangoni, nyekundu, manjano na buluu, na mwenye duka huzitandaza moja baada ya nyingine juu ya meza. Fundi wa nguo za watoto akiingia duka hilohilo huangalia kitu kingine. Huishika kanga kwenye ncha, akakisia upana wa pindo, akatafuta jina limekaa wapi, kisha ndipo akauliza bei.

Ana sababu. Kanga, ambayo Mombasa wengi huiita leso, ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu kidogo ya pindo la chini. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana, na kila kipande kina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa takriban sentimita 110. Aliyechora kanga amekwisha kupanga wapi pawe pazito kwa mapambo na wapi papumue. Fundi anayeuelewa mpango huo hahitaji kununua lesi wala riboni za kupachika. Pambo lipo tayari. Kazi yake ni kulipeleka mahali pake kwenye mwili mdogo wa mtoto.

Na hapo ndipo nguo nyingi za watoto zinapoharibika. Kanga nzuri hukatwa ovyo, pindo likaangukia kwapani, ua kubwa la katikati likapasuliwa na zipu, na mtoto akavikwa kitu kinachoonekana kama mabaki ya nguo ya mama. Kitambaa hakina kosa. Aliyekosea ni mkataji.

Kanga yenyewe ilizaliwa kwa sindano. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, kabla viwanda havijaanza kuchapa kitambaa kizima, wanawake wa mwambao walinunua leso za mraba zilizoletwa na wafanyabiashara, zikiwa bado zimeungana kwenye jora. Walikata sita, wakazipanga tatu kwa mbili, wakaziunga. Lililotokea likawa vazi jipya, lenye michoro iliyojirudia kwa mpangilio walioutaka wao. Wafanyabiashara walipoona soko hilo, wakaanza kuagiza kitambaa kilichochapwa kizima. Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara Mombasa mwaka 1887, alijulikana kote mwambao kwa kanga zenye alama ya Mali ya Abdulla. Kwa miongo mingi kanga zilichapwa India, Ulaya na Japani. Baada ya uhuru viwanda vya Afrika Mashariki navyo vikaingia, kikiwemo cha Urafiki jijini Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968.

Kwa hiyo mama anayeunga vipande vya kanga kumshonea bintiye gauni anafanya kazi ileile waliyoianza bibi zake, isipokuwa siku hizi kuna cherehani.

Tuchukue mtoto wa miaka minne na kipande kimoja cha kanga. Kifua chake ni kama sentimita 56, na kutoka kiunoni hadi chini kidogo ya goti ni kama sentimita 35. Fundi hutandaza kanga mezani na kukata ukanda mmoja wa sentimita 40 kwa urefu wote wa kanga, upande wenye jina. Ukanda huo ndio sketi. Pindo tayari liko chini, na ncha yake ikikunjwa kidogo tu inatosha. Sehemu ya juu hushonwa kwa mshono mlegevu, uzi ukavutwa hadi kitambaa kikusanyike na kulingana na kiuno, na marinda yakajitokeza yenyewe, kwa kuwa mzunguko wa chini ni zaidi ya mara mbili ya ule wa juu. Sehemu ya kifuani hukatwa kwenye mji. Hapo fundi hutafuta ua au umbo moja linalosimama peke yake na kuliweka katikati ya kifua. Mapindo mafupi ya ubavuni, yale ya upande wa sentimita 110, hukatwa na kugeuzwa mikanda ya mabegani au kola. Bado linabaki pindo refu la upande wa pili, ambalo linatosha sketi ya mdogo wake.

Jina linahitaji akili kidogo. Likiachwa lilipo, litakaa mbele ya sketi, na kila atakayekutana na mtoto atalisoma. Kanga nyingi zimebeba mafumbo ya watu wazima, maneno ya kumjibu jirani au mke mwenza, na si haki kumtembeza mtoto nayo kama tangazo. Mzazi achague doti yenye methali ya heri au maneno ya mapenzi na dua, kisha aliache jina lionekane kwa fahari. Kanga ikipendeza kwa rangi lakini maneno yake ni makali, jina hukatwa likaingia kwenye bitana, au likatengwa kwa kazi nyingine.

Halafu kuna suala la kukua. Mtoto mchanga huongezeka takriban sentimita 25 katika mwaka wake wa kwanza. Mwaka wa pili kasi hiyo hupungua kwa nusu. Kisha hadi anapokaribia kubalehe huongezeka takriban sentimita 5 hadi 7 kila mwaka. Mafundi wa zamani walilijua hilo bila kusoma grafu ya kliniki. Waliacha akiba. Kwenye gauni letu, sehemu ya sentimita tano zilizozidi kwenye ule ukanda wa sketi huliwa na mkunjo mmoja unaozunguka sketi yote, juu ya jina, ukashonwa kwa mshono mrefu ulio rahisi kufumuliwa. Mkunjo wa sentimita moja na nusu unakula sentimita tatu za kitambaa. Mwaka ukipita, mama hukata uzi, anapiga pasi, na gauni limerefuka. Mkunjo wenyewe, ukiwa umenyooka, unapendeza kuliko riboni yoyote ya kununua.

Kosa jingine la mara kwa mara ni shingo. Watoto wana vichwa vikubwa kulingana na miili yao: mzunguko wa kichwa cha mtoto wa miaka minne ni kama sentimita 50, karibu sawa na kifua chake. Tundu la shingo lililokatwa kwa kukisia shingo pekee halitapita kichwani. Matokeo yake ni mtoto kulia asubuhi ya Idi na mshono kufumuka kabla ya swala. Dawa yake ni mpasuo mfupi nyuma, wenye kifungo kimoja na kitanzi cha uzi.

Yote haya hayana maana kama kitambaa chenyewe ni kibaya. Sokoni siku hizi kuna kanga za pamba na za poliesta, na kwa macho zinafanana. Katika joto la Dar es Salaam, Tanga au Malindi tofauti huonekana mgongoni mwa mtoto: pamba hunywa jasho na kupitisha hewa, poliesta hulizuia, na harara ikajitokeza shingoni na kwenye mikunjo ya mikono. Kuna jaribio rahisi. Chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni, uziunguze kwa kiberiti mbali na watoto. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Inasikitisha kwamba jambo hili linahitaji kuelezwa katika nchi zinazolima pamba. Wakulima wa Simiyu, Shinyanga na Mwanza huvuna pamba kila mwaka, sehemu kubwa ikasafirishwa nje ikiwa bado nyuzi ghafi, na mtoto wa hapohapo akavikwa plastiki iliyofumwa.

Kanga mpya ifuliwe kabla ya kukatwa. Ina wanga mwingi wa kiwandani unaoifanya iwe ngumu kama karatasi, na baada ya kufuliwa mara ya kwanza hupungua. Gauni lililoshonwa kabla ya hapo litapungua likiwa mwilini, na mapema kuliko mtoto atakavyokua. Ifuliwe peke yake kwa maji baridi, kwani nyekundu na nyeusi huchuja.

Wavulana husahauliwa katika mazungumzo haya, na hilo si sawa. Kitenge, ambacho hakina pindo wala jina na michoro yake hujirudia kote, ndicho kinachowafaa zaidi kwa shati na kaptula, kwa kuwa kinaweza kukatwa popote bila kuvunja mchoro. Kule Lubumbashi na Bukavu, ambako hukiita kikwembe, familia nzima hushona jora moja kwa ajili ya harusi, na mvulana wa miaka mitatu akavaa shati lenye kola sawa na la baba yake. Katika mwambao wa Uswahilini kuna kanzu ndogo nyeupe na kofia ya viua. Kofia hizo, zile za Lamu na Zanzibar, hushonwa kwa mkono kitundu kimoja kimoja, na moja inaweza kuchukua miezi. Ni kazi ya mikono yenye subira kubwa, na mtoto avalishwe aliyo nayo nzuri siku ya sikukuu, asisubiri mpaka awe mtu mzima ndipo aiguse.

Kabla ya kuondoka kwa fundi, mambo ya usalama. Kamba za kufungia shingoni na kwenye kofia za majaketi ni hatari kwa watoto wadogo, kwa sababu hunasa kwenye bembea, mlango au tawi. Viwango vya Ulaya vinazikataza kwenye nguo za watoto walio chini ya miaka saba. Lastiki au kifungo vinatosha. Shanga na vifungo vya mapambo visiwekwe mahali anapoweza kuvifikia kwa meno: kitu chochote kinachoweza kuingia kwenye tundu la upana wa sentimita tatu kinaweza pia kumkaba mtoto aliye chini ya miaka mitatu.

Nguo za mtoto pia zipigwe pasi, hata zile zisizohitaji kunyooshwa. Katika maeneo mengi ya Afrika kuna nzi ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini. Mayai yakianguliwa, funza wake hupenya ngozi na kufanya uvimbe kama jipu. Mama wengi hujua tu kwamba nepi lazima zipigwe pasi. Sababu ni hiyo: joto la pasi, likifika hadi kwenye mishono, huua mayai.

Chumba sasa. Katika nyumba nyingi za mijini mtoto hana chumba chake. Ana kona, kitanda cha kushirikiana na ndugu, au sehemu ya chumba cha wazazi. Kona inatosha, ilimradi ionekane ni yake. Hapa doti inafaa kuliko kitambaa chochote cha mapazia, maana vipande viwili vinavyofanana ni pazia la pande mbili lililokwisha kupangwa. Kipande kinageuzwa kisimame, upande wake wa sentimita 150 ukiwa ndio urefu. Pindo litazunguka pazia lote kama fremu, na jina litakaa wima ubavuni. Asiyependa jina wima aiache kanga ilale, apate pazia fupi la dirisha dogo lenye jina chini. Kwa dirisha linalopigwa na jua la mchana, nyuma ishonwe bitana nyeupe, vinginevyo rangi itafifia upande mmoja. Vipande hivyo hivyo vikining'inizwa kwenye kamba nene kutoka ukuta hadi ukuta, vinagawa chumba na kumpa mtoto mahali pa kuita kwake.

Chandarua ndicho pambo kubwa katika chumba cha mtoto wa Afrika Mashariki, na mara nyingi hakitazamwi hivyo. Vyandarua vyenye dawa ya kudumu, kama vinavyotengenezwa na kiwanda cha A to Z jijini Arusha, vimeundwa kuhimili takriban mafuo 20 na kutumika kwa karibu miaka mitatu. Visikatwe wala kutobolewa kwa ajili ya urembo. Badala yake lipambwe duara la juu: ukanda wa pindo la kanga lililobaki huzungushwa kwenye pete ya chandarua na kushonwa kwa mkono kuzunguka waya, bila sindano kugusa wavu. Mtoto akilala chali huona maua au korosho juu yake, na wavu unabaki mzima.

Ukutani, Dar es Salaam ina zawadi yake. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, alianza mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege kwenye mbao nyembamba za mraba kwa rangi zilizokuwa zikipakwa baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini jamaa na wanafunzi wake waliiendeleza kazi hiyo, na leo chama chao cha ushirika kiko Oyster Bay. Hakuna mtindo wa uchoraji unaompendeza mtoto kuliko huo: chui mwenye madoa makubwa, ndege mwenye shingo iliyopinda, samaki waliojaza ubao bila kuacha nafasi tupu. Mwaka 2010 katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa kufuata sanaa hiyo, zilionyeshwa hadi Uingereza. Mzazi wa Temeke au Kisumu hahitaji kubandika ukutani picha ya binti mfalme wa barafu. Ubao mmoja mdogo wa Tingatinga utadumu kuliko stika, na uning'inizwe chini, usawa wa macho ya mtoto akiwa amesimama, maana picha iliyo juu ya kabati ni ya wageni.

Anayetaka kupaka rangi kitanda au rafu mwenyewe asome kopo kwanza. Rangi za mafuta, hasa nyekundu na manjano zenye kung'aa, zimekuwa zikitiwa madini ya risasi, na watoto hutafuna kingo za vitanda. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na lile la mazingira la Umoja wa Mataifa hakizidi sehemu 90 kwa kila milioni. Kopo lisiloandika lolote kuhusu risasi liachwe dukani.

Vyombo vya kuhifadhia vitu vya kuchezea visinunuliwe vya plastiki kama kuna msusi karibu. Pemba na Unguja, majani machanga ya mkindu huchanwa, hutiwa rangi kwa kuchemshwa, yakaanikwa, kisha yakasukwa ukili mrefu na mwembamba. Ukili huo ukizungushwa na kushonwa huwa kikapu au mkeka. Kwa kona ya mtoto, kikapu cha ukili chenye mdomo mpana kinashinda sanduku: ni chepesi, hakina ncha za kumchubua, na mtoto anaweza kukivuta mwenyewe. Nchini Kenya kiondo cha katani hufanya kazi hiyo hiyo. Ukutani, mifuko iliyokatwa kwenye jinzi kuukuu za mitumba hushonwa safu safu juu ya kipande cha turubai, na kila mfuko ukawa na kazi yake, huu wa kalamu, huu wa soksi, huu wa magari ya waya.

Baada ya yote hayo hubaki vipande vidogo, vingine vipana kama kiganja. Hivyo ni vya mwanasesere, na hii ndiyo kazi ya kumkalisha mtoto karibu.

Mwanasesere wa kanga hakatwi kwa kiolezo cha kitabuni. Mwili hukatwa kwenye kitambaa cha pamba cha kahawia, vipande viwili vya umbo moja: kichwa cha mviringo, mikono iliyotandazwa, miguu mifupi minene, maana miembamba haigeuziki. Vishonwe kwa nyuma, paachwe nafasi ya vidole viwili ubavuni, kisha vigeuzwe kwa kusukumwa na mpini wa mwiko. Ndani huwekwa sufi, ile ile ya mito, inayochumwa kwenye msufi. Ni nyepesi na laini, ila hushika moto haraka, kwa hiyo kazi ifanyike mbali na jiko na mshumaa. Shingo ijazwe kwa nguvu zaidi, la sivyo kichwa kitalala. Macho na mdomo vidariziwe kwa uzi, si kwa vifungo. Nywele ni sufu iliyosukwa mabutu au mistari, kama za mwenye mwanasesere. Mtoto wa miaka mitano anaweza kujaza sufi na kuchagua kitambaa cha gauni. Wa miaka minane anaweza kushika sindano na kupiga mshono wa kwanza, uliopinda au ulionyooka, na mshono huo usifumuliwe.

Gauni la mwanasesere likatwe kwenye pindo lile lile lililozunguka sketi ya mtoto. Watoto huona mara moja kwamba wamevaa sare, nao humpeleka mwanasesere kila mahali, hadi kliniki.

Mafundi huelemewa wiki za mwisho za Ramadhani na mwezi wote wa Desemba, na nguo ya mtoto ndiyo inayosukumwa nyuma ya foleni kwa kuwa ni ndogo na malipo yake ni madogo. Anayetaka ishonwe vizuri aende mapema, akiwa na kanga iliyokwisha kufuliwa na kunyooshwa, ajue anataka jina likae wapi, na aende na mtoto mwenyewe. Kipimo kilichochukuliwa kwenye gauni la mwaka jana kitaleta gauni la mwaka jana. Na mabaki yote, hata yale ya upana wa vidole viwili, ayadai kabla ya kulipa.